Mteja Mliyenichukulia

Daktari Revathi,
labda hunikumbuki. Mimi ni Mulandi, fundi wa viatu,
Kariokor, mstari wa nyuma, mlango usio na namba,
penye harufu ya gundi na ngozi ya mbuzi.
Wewe na wenzako mlikaa Nairobi siku kumi
mkaninyang'anya mteja.

Miaka saba nilimshonea Syombua.
Kila Januari, shule hazijafunguliwa,
mamake alitandika karatasi ya kaki sakafuni
nami nikapiga magoti na penseli ya seremala:
wa kulia, mguu kama miguu;
wa kushoto umejikunja kama korosho,
unakanyaga kwa ubavu, unyayo umegeuka nyuma
kama mtu aliyeitwa jina njiani.

Hakuna kalibu ya mguu ule. Niliichonga mwenyewe
kwa gogo la mjakaranda lililoangushwa na askari wa jiji.
Sponji ya godoro ndani, bizimu mbili,
soli ya tairi, unene wa vidole vitatu.
"Fundi," aliniambia siku moja,
"hiki kiatu kinafika kabla yangu.
Kinanibishia hodi."
Nikapunguza tairi. Likatoboka wiki ya pili.

Kisha tukasikia mmekuja kwa hiari,
mmebeba misumari na vyuma vyenu kutoka kwenu.
Nikadhani ni wale wa kupiga picha.
Siku ya upasuaji wake nilikuja na kile kiatu
ndani ya mfuko wa unga,
mkishindwa, awe na cha kurudia nyumbani.

Ulitoka. Mfupi. Kandambili moja imekatika
umeifunga kwa plasta ya hospitali.
Ukaketi kwenye benchi langu, ukala ndizi mbiombio,
ukaonyesha mfuko kwa kidevu: nini hiki?
Ukakigeuza kiatu. Ukapitisha dole gumba kwenye mshono,
taratibu, kisigino hadi kidole,
ukasema neno la kwenu, nisilolijua hadi leo.
Ukarudi ndani.

Machi akaja, plasta imetolewa.
Nilikuwa nimeshatandika kaki.
"Fundi, sijaja kupimwa."
Miguuni viatu vyekundu, mtumba wa Gikomba,
kavichagua kwenye fungu, kagombana bei na mwenye fungu,
jozi, Daktari, jozi!
thelathini na sita na thelathini na sita.
"Vinanibana," akasema, huku anacheka.
"Vyote viwili."
Nikavitanua. Nikamtoza bei kamili.
Akalipa kwa madaha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Walipona thelathini na wanane, nilihesabu orodha mlangoni.
Wa thelathini na tisa ni Otiato wa Kaloleni, miaka tisa,
aliyelala na njaa akingoja nusukaputi,
adhuhuri ikapita, jioni ikapita,
akaambiwa ndege yenu ni alfajiri.
Akapewa kikaratasi: mwakani.
Alikula chapati mbili nje ya geti, bila kulia.
Babake ndiye aliyekwenda kusimama nyuma ya ukuta.

Simlaumu mtu. Hata mimi hufunga kibanda
viatu vya watu vikiwa bado vinaning'inia.

Leo Otiato yuko mbele yangu, anatekenywa na penseli.
Naizungusha ile korosho nyingine.
Naandika tarehe pembeni, kwa herufi kubwa,
na karatasi naiweka panya wasipofika,
maana ukirudi utataka kujua
mguu ulikuwaje ulipouacha.

Na ile kandambili yako
nimeikatia jozi, ngozi ya ng'ombe, soli nyepesi.
Nilikisia kwa macho tu.
Njoo nikupime.